Plagi Nne, Waya Nne na Swali Moja Ukweni

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba unisamehe kama ukurasa huu utanukia petroli kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kuandika habari za zawadi za kumbukumbu ya ndoa, mishumaa, maua na kadhalika, si unajua. Lakini yaliyonikuta Itaka wikiendi ile nikiyaficha nitakuwa nawabania, maana nimemfahamu mume wangu kwa siku mbili kuliko kwa mishumaa yote niliyowahi kuwasha.

Nianze na gari lenyewe. Tuna Corolla ya zamani, ile 110 yenye injini ya 5A. Tuliinunua mkononi mwa mtu, na imetutumikia. Ila kwa miezi mingi ilikuwa inamisi. Kama hujawahi kuendesha gari linalomisi, nikueleze: ukiwa kwenye foleni linatetemeka kama mtu mwenye homa, ukikanyaga mafuta kupanda mlima linashtuka, linakata, linashika tena, na kwa nyuma linatoa harufu ya petroli ambayo haikuungua. Mafuta nayo yanaisha kabla hujui umeenda wapi.

Kila lilipozidi, mazungumzo nyumbani yalikuwa yaleyale.

"Fundi kasema ni plagi."

"Si mlibadilisha juzi juzi?"

"Zile zilikuwa feki, mama. Anataka kuweka original."

Mwaka jana peke yake plagi zilibadilishwa mara mbili, na filta ya petroli mara moja. Kwa mdomo. Mimi sikuona plagi hata moja, ila hela niliziona zikitoka. Ile ya mara ya pili ilikuwa laki na nusu, mwezi ambao tulikuwa tunahesabu mpaka nauli. Sasa wewe mwanamke mwenzangu unajua kichwa kinavyofanya kazi saa nane usiku. Nikaanza kunusa mashati. Nikaanza kuitazama simu yake ikiwa kwenye chaji. Sijivunii, lakini ndiyo hivyo. Nilikuwa nimeshamtunga kabisa huyo dada kichwani, na chumba nimeshampangishia, na kochi nimemnunulia.

Basi Ijumaa moja tukatoka Mbeya kwenda ukweni. Kwao mume wangu ni Itaka, wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe. (Mliokariri mikoa shuleni zamani, kumbukeni Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016.) Ni nchi ya baridi, kahawa na mahindi, na mama mkwe alikuwa ametoka kuugua, kwa hiyo kutokwenda lilikuwa si jambo la kujadili.

Barabara kuu ya Tunduma unaijua: malori ya kwenda Zambia na Kongo, mlima, kona, mlima tena. Kwenye mlima mmoja lori lililosheheni likatupita. Narudia, lori lenye mzigo limetupita sisi, watu watatu na begi la nguo. Binti yetu wa miaka minane akampungia mkono utingo. Mume wangu hakusema kitu, alikaza tu usukani. Tulipoiacha lami na kuingia barabara ya vumbi ya kwenda Itaka, gari likazima mara mbili, na giza likatukuta njiani.

Baba mkwe aliendesha malori miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi kwenye kahawa yake. Alitusikia kabla hajatuona. Tulivyoshuka tu, salamu za shikamoo na marahaba hazijaisha vizuri, akasema, "Hiyo gari mmekuja nayo inatembea na miguu mitatu."

Miguu mitatu kati ya minne, ndiyo. Injini ile ina silinda nne, na kila silinda ina plagi yake. Kazi ya plagi ni kupiga cheche ndani ya mchanganyiko wa hewa na petroli ili uungue na kusukuma pistoni. Cheche hiyo inatakiwa iruke kwenye upenyo usiofika hata milimita moja na nusu, na ili iruke inahitaji umeme wa volti elfu kumi na zaidi. Umeme wa ukutani kwako ni volti 230, linganisha mwenyewe. Umeme huo mkali unatoka kwenye koili na distributa, unasafiri kwenye waya nene za mpira hadi kwenye plagi. Waya ukipasuka, umeme unapita njia ya mkato kwenye chuma cha karibu. Plagi ikichakaa, cheche inakuwa hafifu. Kwa vyovyote vile silinda moja inabaki abiria, zile tatu zinaibeba.

Mzee hakusubiri asubuhi. Akasema tufungue boneti palepale uani, injini ikiwa inaunguruma, halafu tuzime taa na tochi zote. Itaka usiku ina giza la kweli, si giza la mjini. Akatuonya tusiguse kitu. Tukainama wote, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona maishani: vicheche vya bluu vinarukaruka juu ya waya wa pili na wa tatu, kama vimulimuli vyenye haraka. Binti yetu akapiga kelele ya furaha. Mzee akasema, "Waya hizo zimekufa. Plagi tutaziona kesho, injini ikishapoa." Kipimo hicho hakina gharama, msomaji. Unahitaji giza tu na mikono nyuma.

Kesho yake tukaanza saa moja asubuhi. Hapa naomba nieleze jambo la heshima. Baba mkwe na mimi hatuna mazoea ya kusimama bega kwa bega. Basi mzee akaweka kigoda chake mbali kidogo, chini ya mti, na maelekezo yote akayapitisha kwa mjukuu. "Mwambie baba yako atoe kwanza waya hasi wa betri." Hiyo ni spana namba 10, na waya hasi ndio unaotangulia kutoka na ndio unaorudi mwisho. "Mwambie baba yako awe anashika kofia ya waya, asivute waya wenyewe."

Baba yako akavuta waya wenyewe. Ukakatika katikati, kofia ikabaki ndani ya shimo.

Kimya kikapita. Watoto wa jirani waliokuja kutazama wakazuia kicheko. Mzee akasema, bila kupandisha sauti, "Mwambie baba yako ampe mama yako hiyo spana."

Ndivyo nilivyoingia kazini. Nilivua pete na saa, kwa sababu chuma kikigusana na betri unaweza kuungua kidole. Nikafunga kanga pembeni nikavaa suruali ya mume wangu, maana kitambaa kinachoning'inia na mikanda ya injini si marafiki. Kofia iliyobaki niliishika na koleo, nikaizungusha kidogo kushoto na kulia kwanza, kisha nikavuta. Ikatoka. Siri ni hiyo, kuzungusha kabla ya kuvuta.

"Mwambie mama yako apulize vumbi kwenye shimo kabla hajafungua." Nikapuliza kwa pampu ya baiskeli ya jirani. Ukifungua plagi bila kupuliza, mchanga wote ule unadondoka ndani ya silinda, na hapo umejitafutia ugonjwa mkubwa kuliko uliokuwa unatibu. Vumbi la barabara ya Itaka lilikuwa limejaa mle, mwekundu mtupu.

Soketi ya plagi za gari letu ni namba 16, ile ndefu yenye mpira ndani unaoishika plagi isidondoke. Tatu zilitoka bila shida. Ya nne ilikaa kama Kimondo cha Mbozi, kile ambacho tangu kidondoke kutoka angani kimekataa kuhama. Mzee akasema nisilazimishe. Niweke mafuta ya kulainisha kidogo, nisubiri, niende mbele na nyuma taratibu. Kichwa cha injini ni aluminiamu, plagi ni chuma. Ukilazimisha, nyuzi zinazokatika ni za kichwa, na bei ya hapo hutaipenda.

Mjukuu akapeleka plagi ya kwanza kwa babu yake. Mzee akaitazama kwenye jua, akaigeuza.

"Hii ina miaka," akasema.

Zikaenda zote nne. Plagi nzima yenye afya ncha yake ni ya kahawia hafifu au kijivu. Nyeusi yenye masizi kavu inakuambia petroli haiungui sawasawa. Yenye mafuta mafuta inakuambia injini inavujisha oili ndani. Nyeupe yenye malengelenge imepata joto kupita kiasi. Za kwetu mbili zilikuwa nyeusi tii, na zote nne kile chuma cha katikati kilikuwa kimelika, kimekuwa mviringo kama kucha. Tatu za kampuni moja, ya nne ya kampuni nyingine. Kutu kwenye kiuno.

Mpenzi msomaji, mimi si fundi, lakini hesabu naijua. Plagi zilizobadilishwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja hazina kutu kwenye kiuno. Nikamtazama mume wangu. Yeye alikuwa anatazama migomba.

Sikuuliza pale. Ukweni hakuulizwi hivyo. Tukapanda bodaboda hadi barabara kuu, kisha Coaster hadi Tunduma, mpakani, ambako maduka ya spea yamepangana. Tukaingia la kwanza, tukaingia la pili. Hapo nikuachie ushauri wa haraka: plagi za NGK na Denso ndizo zinazoigwa sana duniani, kwa hiyo ukiona bei ya plagi nne inalingana na sahani ya chipsi, ujue. Angalia maandishi kwenye kauri kama yamekolea na kunyooka, angalia ile washa ya shingoni kama imeshikana vizuri au inachomoka yenyewe, na angalia kama chuma cha juu kimekaa katikati ya kile cha chini. Nenda na plagi ya zamani mkononi, na kama kitabu cha gari kipo soma namba, usikubali "hii nayo inaingia". Kuingia inaingia. Urefu na joto lake ndivyo vinavyoweza kukuletea msiba.

Tukanunua plagi nne, seti ya waya nne, na filta ya petroli yenye washa zake mpya za kopa. Wakati tunasubiri Coaster ijae tukakaa kwa mama wa chai. Nikaona sasa ndiyo saa.

"Zile plagi zilibadilishwa lini?"

Akazungusha kikombe. "Mara ya kwanza nilimpa fundi hela, nikaenda ofisini. Jioni nikachukua gari. Sikuuliza za zamani ziko wapi."

"Kwa nini?"

"Ningeuliza nini? Mimi sijui hata plagi inakaa wapi. Fundi ananiita bosi, mafundi wenzake wamesimama pale, niseme nini?"

Nikameza hilo. Nilijua kuna lingine. "Na mara ya pili?"

"Ya pili haikwenda kwa fundi."

Nakuambia ukweli, chai ilinikauka mdomoni. Yule dada wa kwenye kochi alisimama mbele yangu mzima mzima.

"Ilikuja huku," akasema. "Mama alikuwa analazwa. Wewe mwezi ule ulisema hakuna hela ya kijijini tena mpaka ada ilipwe."

Nililisema hilo. Nakumbuka hata nilivyokuwa nimesimama, na sauti niliyotumia. Sikuwa nimejua mama anaumwa kiasi kile, lakini pia sikuwa nimeacha nafasi ya mtu kuniambia.

"Sasa kwa nini plagi? Si ungesema kitu kingine?"

"Kwa sababu ukisikia gari, huulizi swali la pili."

Nikakasirika, usidhani niliona haya peke yake. Laki na nusu si hela ya kuficha kwenye injini. Na aliniacha miezi yote ile niendeshe gari bovu na mtoto ndani, kwa sababu baada ya uongo ule hakuweza tena kusema plagi zinatakiwa kubadilishwa. Nilimwambia hayo. Hakujitetea. Habari ya kunusa mashati mimi sikumwambia siku ile. Anaisoma leo, hapa, kama wewe.

Coaster ikajaa, tukarudi bila kuongea sana.

Mchana nikaendelea na kazi, safari hii mume wangu akiwa ndiye mshika vifaa. Plagi mpya unapima kwanza upenyo wake kwa kipimo cha vijembe, au mwombe muuza duka akupimie. Gari letu linataka milimita 0.8, la kwako fuata kitabu. Halafu unaianza kwa mkono, si kwa spana. Mzee alitufundisha kuchomeka mpira mdogo wa bomba kwenye kichwa cha plagi na kuizungusha kwa vidole viwili: kama nyuzi hazijakaa sawa, mpira unateleza, huwezi kuharibu kitu. Ikigota, unakuja na soketi na kukaza nusu duru hivi, kwa plagi mpya yenye washa. Sitanii, nusu duru. Ukitumia nguvu zako zote kuonyesha kwamba umekula ugali wa Mbozi, utakata.

Waya tulibadilisha mmoja mmoja. Toa wa zamani, weka mpya wa urefu uleule palepale, ndipo uende kwa unaofuata. Usije ukazitoa zote kwa pamoja halafu ukabaki unazitazama kama nywele za rasta. Silinda hazichomi kwa kufuatana moja, mbili, tatu, nne. Injini yetu inachoma moja, tatu, nne, mbili, na ukichanganya waya gari litapiga chafya tu, au halitawaka kabisa. Kila kofia sukuma mpaka uisikie inabofya. Kofia isiyobofya ndiyo itakayokufanya umlaani muuza duka bure.

Hapa wenye magari mapya zaidi mnisikilize. Kama una Vitz au IST, hizo waya huna. Kila plagi ina koili yake imekaa juu kama kofia, inashikwa na bolti moja ya namba 10; unachomoa soketi yake ya umeme, unafungua bolti, unaivuta, plagi iko chini yake. Kazi ni rahisi zaidi, ila kipande cha plastiki cha soketi kikiwa cha zamani kinavunjika ukikitazama vibaya. Wenye dizeli, haya yote hayawahusu, injini zenu haziwashi kwa cheche. Endeleeni na kurasa za mapishi.

Filta ya petroli tuliiacha mpaka Jumapili asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Kwa hili sina mzaha hata kidogo. Mfumo wa petroli wa magari ya sindano unabaki na msukumo hata gari likiwa limezimwa, na ukifungua bolti ghafla petroli inaruka usoni. Kwa hiyo: uwanjani, si chini ya kibanda. Jiko la mkaa la mama mkwe likahamishiwa nyuma ya nyumba. Hakuna sigara, hakuna kiberiti, watoto mbali, na ule mtungi wa kuzimia moto ambao tumezoea kuubeba kwa ajili ya trafiki, uwe karibu na mkono. Betri toa waya hasi. Fungua kifuniko cha tanki upunguze presha ya ndani. Kisha funika bolti ya juu ya filta kwa tambara nene, weka kopo chini, legeza polepole mno, robo duru, usubiri imalize kuhema.

Kwenye Corolla yetu filta iko mbele, ndani ya boneti, kopo la chuma ukubwa wa ngumi. Juu kuna bolti yenye tundu, spana namba 17; chini nati ya bomba, namba 14, na hiyo unashika filta kwa spana ya pili ili usilipinde bomba. Washa za kopa ni mbili, moja kila upande wa bolti, na za zamani hazirudi. Kwenye IST na Vitz filta imo ndani ya tanki pamoja na pampu. Hiyo mpelekee fundi, na usione aibu.

Filta ya zamani mzee aliitaka. Akamtuma mume wangu aimwage kwenye chupa ya jamu, kwa upande ule petroli inaoingilia. Tukaiweka kwenye kigoda, tukasubiri. Petroli ikapanda juu, kwa chini ikatengana tabaka ya maji, na ndani ya maji uchafu wa kahawia kama chai ya jana.

"Mwulize baba yako wananunua wapi mafuta," akasema mzee.

Mara nyingi kituoni. Lakini safari za Itaka tulikuwa tumezoea: mafuta yakipungua, tunanunua ya chupa kando ya njia. Kuuza petroli hivyo EWURA wanakataza, na vijijini bado ipo. Hujui chupa ilikuwa na nini kabla, hujui ilikaa wapi. Wale wa umri wangu tunakumbuka hata vituoni hali ilivyokuwa, petroli ikichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu ya taa yalikuwa na kodi ndogo, mpaka EWURA walipoanza kuweka kemikali ya utambuzi mwaka 2010, na Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Ongeza na ile tabia yetu ya kuweka ya elfu tano, kesho elfu tano. Tanki likikaa karibu tupu siku zote, hewa yenye unyevu inageuka matone mle ndani, hasa kwenye baridi za Mbozi.

Nikiwa nimeinama pale, mikono myeusi, nikamkumbuka mama mmoja wa Kijerumani tuliyemsoma chuoni kwenye somo la uhusiano na umma. Bertha Benz. Agosti 1888 alilichukua gari la mumewe Karl bila kumwambia, akawapakia wanawe wawili, akaendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim kumsalimia mama yake, kama kilomita mia moja. Mwalimu wetu alilileta kama tangazo la kwanza la gari duniani, na kweli lilisaidia kuuza. Lakini inasimuliwa kwamba njiani bomba la mafuta liliziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Na waya wa umeme ulipochubuka, akaufunika kwa mkanda wa soksi. Mafuta akanunua kwenye duka la dawa mji wa Wiesloch. Waya na petroli, msomaji. Magonjwa yaleyale ya Corolla yetu, na yeye pia alikuwa anakwenda kumwona mama.

Tukarudisha betri. Mume wangu akapiga stata, gari halikuwaka. Akanitazama. Mzee akasema tulia, filta mpya ni tupu, lazima ijae kwanza. Stata ya pili, sekunde tano hivi. Ya tatu likashika. Nikainama na tochi kuangalia bolti ya filta pande zote, nikapitisha na kidole: kavu. Ingelowa hata tone, tungezima papo hapo. Halafu tukasikiliza. Lilikuwa limetulia kiasi kwamba mama mkwe alitoka jikoni akauliza kama limezimika tena.

Yule mama, bado amekonda, alinishika mikono yote miwili na grisi yake. "Mkwe wangu fundi," akasema, akacheka. Halafu akasema jambo lingine, kwa sauti ya chini, "Na ile hela mliyotuma nikiwa hospitali, sijapata hata nafasi ya kukushukuru wewe."

Mume wangu alikuwa nyuma yangu, ameshika kopo la petroli chafu. Nikasema, "Asante mama, pole na kuugua."

Mafundi wasinielewe vibaya. Wapo waaminifu, na mmoja wao sasa ndiye wetu. Tofauti ni kwamba mume wangu sasa anasimama pale, anauliza, na anarudi nyumbani na kifaa cha zamani kwenye mfuko wa rambo. Cha kwanza alichoniletea kilikuwa filta ya hewa, nyeusi kama sufuria ya kijijini. Akaiweka mezani wakati tunakula. Nikamwambia aitoe, kisha nikamuuliza ilikuwa shilingi ngapi, akaniambia. Na kwenye ile daftari yetu ya mwezi sasa kuna mstari umeandikwa Itaka, una kiasi chake, hauna haja ya kujificha chini ya boneti.

Tuliondoka Itaka saa tisa alasiri Jumapili ile, na gunia la mahindi na kahawa ya kukaanga nyuma. Tulipoufikia ule mlima wa lori, mume wangu akazima redio ili tuisikilize injini.